Mistari Minne Kando ya Kijito

Jumamosi, tarehe kumi na tatu Agosti. Asubuhi ukungu mpaka saa tatu. Kisha jua. Wingu jeusi upande wa Turbo, lakini bado halijaamua.

Ndivyo kitabu changu kinavyosema, na kwa mambo ya hali ya hewa nakiamini kuliko ninavyojiamini mimi mwenyewe. Mwaka sitautaja, kwa sababu panya walikula jalada pamoja na kona nilipokuwa nimeuandika. Ni ile miaka ya themanini, ya kuinua kidole kimoja juu, saluti ya chama, kabla ya mkutano wowote, hata mkutano wa kugawana miche ya kabichi. Anayetaka mwaka kamili aulize wengine. Mimi niliishia darasa la saba, na nikianza kukisia tarehe nitaaibika bure.

Kitabu chenyewe ni daftari la kawaida la shule, na si mimi niliyekianzisha. Nilianzishiwa na injinia.

Injinia huyo alikuwa amestaafu kazi ya barabara na maji, akarudi kukaa Eldoret, na badala ya kulala mchana kama wastaafu wengine akaanza kuzunguka akihutubia. Kanisani, shuleni, kwa mkutano wa chifu, popote penye benchi. Watu wa mjini walisema ana hotuba tatu tu na anazirudia. Sijui. Kwetu Kiplombe alizileta zote tatu, Jumamosi tatu za Januari zikifuatana, ndani ya darasa la pili la shule ya msingi, maana ndilo lililokuwa na madirisha mazima. Wazee na mapengo yao walikaa kwenye madawati ya watoto, magoti yamefika kidevuni. Mimi nilikaa mbele kwa sababu nilikuwa katibu wa kikundi cha akina mama, na katibu lazima asikie.

Hotuba ya kwanza ilikuwa juu ya kustahimili. Kabla hajaanza palikuwa na maombi, kidole juu, na kutambulishana, na kila aliyetambulishwa akapigiwa makofi ya kilo mbili. Chifu alipigiwa kilo tano. Injinia alipopata nafasi jua lilikuwa limehama dirisha.

Aliongea juu ya kivuko chetu. Kati ya nyumba zetu na barabara kuna kijito, na juu ya kijito kulikuwa na magogo na mawe tuliyoyapanga sisi wenyewe. Lori la maziwa lilipita hapo kila asubuhi kuja kuchukua mikebe. Mvua ikinyesha ya nguvu magogo yalikwenda na maji, lori likageukia ng'ambo, na maziwa yetu yakabaki yakitutazama.

"Nyinyi mnajua kuvumilia," injinia alisema. "Maji yanabeba magogo, mnarudisha. Mwaka ujao yanabeba tena, mnarudisha tena. Mimi nauliza tu, mmechoka ama bado?"

Mzee mmoja nyuma akajibu, "Sisi tumechoka, Injinia. Ni magogo bado hayajachoka."

Darasa likacheka, na injinia naye akacheka, ndipo nikaanza kumpenda. Alisema kinachotakiwa pale ni mabomba ya saruji, makubwa kiasi cha mbuzi kupita ndani, na kwamba ofisi ya wilaya inayo, ila ofisi hutoa mabomba mahali inapopajua. Kisha akasema jambo ambalo nililiandika kwa mkono wangu mwenyewe, na bado liko ukurasa wa kwanza: "Ukiwa na kidonda, siku ya kwenda kwa daktari usikifunge kitambaa kizuri. Kiache wazi akione."

Naomba msomaji aliweke hilo kichwani. Mimi sikuliweka.

Hotuba ya pili ilikuwa ya kufanya kitu kidumu. Siku hiyo alikuja na makarai mawili na birika. Karai moja lilikuwa na udongo mtupu, lingine lina udongo wenye nyasi zilizoshikana. Akayainamisha, akamimina maji kama anayetia chai. Kwenye udongo mtupu yakatoka matope mazito. Kwenye nyasi yakatoka maji ya rangi ya chai ya rangi. Mwenyekiti wetu, mama mwenye duka na sauti ya kutosha maduka yote, akasema, "Injinia ametoka mjini kutuletea matope kwa karai, kana kwamba hapa hatuna!" Lakini alisimama kutazama kama wengine. Maana yake ilikuwa kwamba tuache nyasi ukingoni mwa kijito, upana wa hatua kumi, tusilime hapo. La sivyo hata mabomba yakija yatajaa udongo.

Mume wangu alikuwa dawati la tatu. Tukarudi pamoja mpaka kwa lango.

"Yule Injinia," akasema, "ana mahindi?"

"Sijui, Mzee."

"Mimi najua. Hana."

Nisimsingizie. Shamba letu lilikuwa dogo, na udongo mweusi mzuri ulikuwa pale chini karibu na maji. Juu ni mawe matupu. Mtu akiambiwa aache kipande chake kizuri kiwe nyasi, lazima aulize swali.

Hotuba ya tatu ilikuwa ya kujitolea, na hapo ndipo aligawa kazi. Kila Alhamisi tutoke wote kutengeneza kivuko. Mwenye ng'ombe awanyweshe mahali pamoja, wasitawanye ukingo. Na mimi nikapewa daftari na kalamu mbili.

"Katibu, kila siku andika hali ya hewa," injinia aliniambia. "Halafu maji yamefika wapi. Halafu kama lori limepita. Halafu jambo lolote limetokea hapo mtoni, zuri ama baya, liwe la nani."

"Nikikosea je?"

"Andika tu ulichoona. Usiandike ulichotaka."

Nikaanza. Kipimo changu kilikuwa gambuti zangu, viatu vya mpira vya mvua, na mwili wangu: maji ya kifundo, maji ya goti, na mara moja maji ya paja, siku ambayo sikurudia kupima. Nilipomaliza yote hayo, kila siku ilibaki mistari miwili mitatu mitupu, na mimi sikulelewa kutupa nafasi. Kwa hiyo nikawa namalizia na tulichokula. Sikujua kama katibu anaruhusiwa. Hakuna aliyeniuliza.

Mwezi wa saba injinia akatuma habari: ofisa kutoka ofisi ya wilaya atakuja naye Jumamosi hiyo ya Agosti kukitazama kivuko. Ofisa ana mabomba ya mahali pamoja. Kuna sehemu nyingine mbili zinaomba, moja ni Chepsaita. Ataangalia penye shida zaidi.

Na hapa nieleze kosa letu, na nianze na sehemu yangu, kwa sababu wazo lilitoka kwangu.

Mgeni akija kwetu hatumwonyeshi uchafu. Hivyo ndivyo tulivyo. Hata akiwa mtu wa kuja kuhesabu kupe kwa ng'ombe, utafagia uwanja kwanza, utanyunyiza maji vumbi litulie, utaficha mbwa mwenye ukurutu. Tulipoambiwa ofisa anakuja mtoni, nikasema kwa kikundi, na nakumbuka nilisimama kabisa kusema, "Jamani, kweli atukute na lile shimo?"

Hakuna aliyesema atukute. Alhamisi na Ijumaa tukatoka akina mama kumi na kitu na majembe. Lile shimo la kuingilia kivuko, ambalo lilimeza gurudumu la lori mwezi wa sita, tukalijaza mawe na murram, ule udongo mwekundu wa barabara. Juu tukatandika nyasi tulizozikata vipande kama zulia. Magogo yaliyooza tukayafunika. Mawe ya pembeni tukayapaka chokaa. Mwenyekiti akaleta maua kutoka ua wa kanisa, tukayachomeka mistari miwili. Hayakuwa na mizizi, lakini yalitakiwa kusimama siku moja tu. Ijumaa jioni tulikaa ng'ambo tukitazama, na nakiri ilipendeza. Mama mmoja alisema ataomba arusi ya binti yake ifanyike hapo.

Jumamosi saa tano Landrova ikafika. Maombi, kidole juu, makofi ya kilo. Chifu akasema machache kwa nusu saa. Kisha ofisa, mtu mrefu, mpole, mwenye suti ya kaki na viatu vilivyong'arishwa, akashuka kivukoni akatembea juu ya zulia letu la nyasi. Akaenda, akarudi. Akainama akanusa ua.

"Injinia," akasema, "wewe uliniambia hapa lori linazama. Mimi naona bustani."

Injinia alitazama mawe ya chokaa, akatazama maua, kisha akanitazama mimi. Hakukasirika, angekasirika ingekuwa afadhali. Alivua miwani akaifuta na shati, akaivaa tena, kama mtu anayetumaini kwamba shida iko kwa miwani.

Ndipo kile kidonda na kitambaa kizuri vikanirudia, pamoja na mwandiko wangu mwenyewe.

"Nafikiri nimeona," ofisa akasema. "Chepsaita wanapita kwa kamba. Hapa kwenu mko sawa." Na haki yake nimpe: kwa yale aliyoonyeshwa, mimi pia ningesema hivyo hivyo. Hakuja kutudhulumu. Tulimdanganya sisi, tena kwa heshima.

Mwenyekiti akaruka mbele. "Bwana Ofisa, sawa gani! Hii ni mapambo!" Akang'oa ua moja akaliinua. "Ona, hata mizizi haina! Jana ilikuwa kwa kanisa!"

Watu wakacheka, ofisa akatabasamu, lakini akaangalia saa. Mtu anayetaka mabomba atasema chochote, nadhani ndivyo alivyowaza.

"Katibu," injinia akaniita taratibu, "kile kitabu kiko?"

Kilikuwa kwa kikapu, chini ya kibuyu cha mursik, maziwa yetu ya kugandisha, nilichowaletea wageni. Nilikitoa kikiwa na duara la maziwa mgongoni. Kusoma mbele ya chifu na ofisa, mtu wa darasa la saba, na mwandiko wenyewe unaopanda na kushuka!

"Soma," ofisa akasema. "Kuanzia mwanzo."

Nikaanza na Januari, ambayo ilikuwa rahisi. Jua. Jua. Maji ya kifundo. Lori limepita. Tumekula ugali na managu. Watu wakacheka kwenye managu. Nikataka kuruka vyakula, lakini ofisa akasema, "Hapana mama, soma yote. Kama unaruka moja nitajuaje hujaruka nyingine?"

Basi nikasoma yote. Machi, magogo mawili yamekwenda, lori halikupita siku nne, maziwa tumewapa ndama na majirani, tumekula ugali na maziwa, ugali na maziwa, ugali na maziwa. Ofisa aliacha kuangalia saa. Akatoa kalamu.

Lakini kitabu hakikuandika mvua peke yake. Nilisoma ile Alhamisi ambayo mwenyekiti hakutokea kazini kwa sababu alikuwa amepokea sukari dukani. Kutoka nyuma akasema, "Eh, Katibu, hata hiyo?" Nilisoma siku ng'ombe wa jirani yangu, mzee wa magogo yasiyochoka, waliposhuka pale pasipotakiwa wakabomoa ukingo. Mzee akasema, "Ni kweli, walinishinda," na watu wakampigia makofi ya kilo moja kwa ukweli wake. Ilikuwa kama mchezo. Kila mmoja alingoja jina lake, ijapokuwa sikuwa nimeandika majina, ila kila mtu anajijua.

Hapo ndipo ofisa akainua macho akatazama ng'ambo ya kijito. "Na yale mahindi," akasema, "yaliyofika mpaka kwa maji? Injinia, wewe si uliwafundisha juu ya nyasi?"

Injinia alikohoa. Chifu akatazama mbinguni kule Turbo. Hakuna aliyemtaja mtu. Watu wetu wanajua kunyamaza wakitaka.

Mimi nilikuwa kwenye mwisho wa Machi, na nilijua ukurasa ufuatao una nini. Ulikuwa umegandana kidogo na ule wa mbele yake kwa uji wa mtoto. Kidole changu kilishika kurasa mbili pamoja. Ningezigeuza kwa mara moja tu, ningetokea Aprili, mvua ya mawe, na hakuna mtu duniani angejua.

Sitadanganya kwamba niliwaza jambo kubwa. Niliwaza mwenyekiti na sukari yake. Niliwaza mzee na ng'ombe wake, bado anatabasamu kwa aibu. Niliwasoma wote wawili kwa sauti, na sasa nifike kwangu nisingizie uji? Upande mwingine kulikuwa na mume wangu kati ya wanaume, kofia kichwani, mtu ambaye hajawahi kunisema mbele za watu hata siku moja. Sijui mpaka leo kama nilifanya haki kwake. Nililowesha kidole nikatenganisha kurasa.

"Jumatatu," nikasoma. "Jua kali. Maji ya kifundo. Lori limepita. Baba watoto amelima mpaka ukingoni, juu ya nyasi tulizoambiwa tuache. Amepanda mistari minne ya mahindi. Nimemwambia. Amesema Injinia mwenyewe hakuli nyasi. Tumekula viazi."

Watu walitaka kucheka wakashindwa. Wote wakageuka kumtazama. Alivua kofia, akaishika mbele ya tumbo kama mtu aliye kanisani.

"Ni mimi," akasema. "Hivyo ndivyo nilisema. Lakini Katibu," akanitazama, na hakuwa amewahi kuniita hivyo, "andika pia kwamba yametoka mazuri."

Hapo kicheko kikapasuka. Injinia alicheka mpaka akakaa kwenye jiwe la chokaa, na alipoinuka suruali yake ilikuwa na duara jeupe ambalo hakuna aliyethubutu kumwambia.

Ofisa alicheka pia, kisha akaomba daftari, akalisoma mwenyewe kimya, kurasa kadhaa. Akamwambia dereva akanyage pale penye zulia kwa kisigino. Dereva akakanyaga, akakanyaga tena, kisigino kikazama mpaka kwa soksi.

"Nitawaandikia," ofisa akasema. "Kitabu hiki kimejisema vibaya chenyewe, kwa hiyo nakiamini kwa mengine. Lakini mzee, mabomba na mistari yako havitakaa pamoja. Nikirudi nataka kuona nyasi pale."

Injinia akaingilia kati. "Bwana, wacha mahindi yakomae kwanza. Mtu amepalilia."

"Mvua kubwa ya mwezi huu ndiyo inabeba udongo," ofisa akajibu. "Wewe mwenyewe ndiye ulinionyesha kwa karai." Injinia akatikisa kichwa kukubali, maana ni kweli, hata sisi alituonyesha hivyo hivyo.

Mabomba yalikuja, nisimwache msomaji hapo. Yalichelewa hadi mwaka uliofuata, na moja lilifika na ufa, lakini yalikuja, na Chepsaita nao walipata yao baadaye. Injinia aliendelea na hotuba zake tatu mahali pengine. Nasikia aliongeza mfano wa katibu na mume wake, na kwamba katika mfano huo mimi ni jasiri sana. Sikuwa. Wakati ule, wageni walipoondoka na watu wakatawanyika, nilibaki mtoni naokota vikombe, nikivihesabu mara tatu, kwa sababu sikutaka kufika nyumbani.

Wingu la Turbo lilikuwa limeamua. Tone la kwanza lilinipata kwa lango. Mume wangu hakuwa ndani, na panga halikuwa mahali pake. Nikaogopa kidogo, halafu nikasikia kule chini, tak, tak, tak.

Nilimkuta kwenye mstari wa pili. Alikuwa akikata mabua kwa chini, anayaweka kando vizuri kwa ajili ya ng'ombe, na mahindi anayatupa kwa gunia. Shati lilikuwa limelowa mgongoni. Nilisimama hapo na gambuti zangu.

"Mzee," nikasema, "ningeweza kuruka ule ukurasa."

"Najua. Nilikuona na kidole."

"Sasa umekasirika?"

Akakata bua moja, akakata la pili. "Nilikasirika mpaka pale kwa Injinia na suruali yake." Akaacha panga. "Shika gunia, Katibu. Mvua hii itafika goti."

Nikashika gunia. Tukamaliza mistari yote minne, na mvua ikatunyeshea tukiwa kwenye ule wa mwisho. Nyasi zilirudi zenyewe kabla ya Krismasi, na kipande kile hakijalimwa tena. Sehemu ya juu yenye mawe tulijaribu maharagwe, na sitasema yalitoka mazuri, kwa sababu hayakutoka.

Maji ya goti, kweli. Lori halikupita siku iliyofuata. Jioni ile ya Jumamosi tumekula mahindi mabichi, ya kuchemsha na ya kuchoma, kila mtu mpaka aliposhindwa, na mengine tukawapelekea mwenyekiti na mzee wa ng'ombe. Yalikuwa matamu. Nimeandika hivyo kwa sababu aliniambia niandike, na kwa sababu nilionja.